Nishani Inunuliwayo

Kila zama huja na mchezo wake, na kila mchezo huja na tuzo yake. Katika zama zetu umezuka mchezo ambao wazee wa Mombasa wasingaliufahamu kwa kuelezwa mara moja: mbio ambazo wakimbiaji wake hawaonani. Mtu hutuma ada kwa simu, akaandikwa jina, akachagua mwendo autakao, wa kilomita 5, au 10, au 21, au 42. Kisha hukimbia mahali apendapo na saa apendayo. Simu aliyoichukua mkononi hupima mwendo wake kwa msaada wa setilaiti, naye huupeleka upimaji huo kwa walioandaa mbio. Yapitapo majuma kadha, nishani humfikia kwa posta, ina utepe wa rangi na jina la mbio lililochorwa juu ya madini. Kijana wa Majengo aweza kuanza Makupa asubuhi, akapita Mwembe Tayari, akateremka mpaka Ngomeni katika Mji wa Kale, akarudi kwao kabla jua halijawa kali, na baadaye akavaa nishani ya mbio zilizoandaliwa katika nchi asiyopata kuiona.

Mbio za namna hii huitwa mbio za mtandaoni, na watu wamegawanyika juu yake. Wako wasemao kwamba kulipia nishani ni sawa na kulipia cheti cha mtihani: karatasi unayo, elimu huna. Wako wajibuo kwamba miguu iliyokimbia ni ya mkimbiaji mwenyewe, jasho lililotoka ni lake, na ada aliyotoa ni bei ya kujitia moyo tu, kama mtu anunuavyo daftari ili aandike. Maneno ya pande zote mbili yana nguvu. Lakini pande zote mbili huzungumza kana kwamba jambo hili limeanza jana. Kulipia heshima si jambo geni Mombasa, wala si geni katika mtaa wa Majengo. Watu wa pwani walipata kuununua utukufu kwa fedha zao wenyewe, wakaupenda, wakaugombea, wakakopa kwa ajili yake, na mwisho wakauacha. Atakaye kuhukumu nishani za leo kwa haki atafanya vyema kutazama kwanza vyeo vya jana.

Majengo ni mtaa wa kisiwa cha Mombasa ulio nje ya Mji wa Kale, kwa upande wa kuelekea Makupa. Ulikua katika karne ya 20, wakati bandari ya Kilindini ilipopanuka, reli ilipokuwa imekwisha kufika bara, na mji ulipohitaji mikono mingi ya kazi. Desturi iliyoenea ilikuwa mtu kukodi kiwanja kwa mwenye ardhi, kisha kujenga juu yake nyumba yake mwenyewe, ya udongo na makuti hapo kwanza. Nyumba hiyo ilikuwa ya vyumba vingi, na vyumba vingine vilipangishwa. Hivyo chini ya paa moja waliweza kukaa watu wa asili mbalimbali: Waswahili waliotoka Mji wa Kale, Wamijikenda waliovuka maji kuingia kisiwani, wazao wa waliokuwa watumwa, na wageni wa bara na ng'ambo. Katika Mji wa Kale mtu alijulikana kwa ukoo wake na kwa mlango aliotoka. Katika mtaa mpya majirani hawakujua babu wa kila mtu. Heshima ambayo haikurithiwa ilipaswa kutafutwa, na njia moja ya kuitafuta ilikuwa mashindano.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya kale pwani. Miji ilishindana na miji, na mitaa na mitaa, kwa ngoma, kwa mashairi na kwa karamu. Lakini tangu miaka ya 1890 ilizuka ngoma ya namna mpya iliyoitwa beni. Jina lake lilitokana na bendi ya askari, na mambo yake vilevile. Vijana walijitia katika vyama viwili vilivyopingana, wakavaa sare, wakapiga baragumu na matarumbeta, wakatembea kwa gwaride mbele ya watu. Mombasa vyama vilivyovuma vilikuwa Kingi na Skochi. Katika miji ya Tanganyika palikuwa na Marini na Arinoti. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majemadari wake, madaktari wake na vyeo vingi vingine, ambavyo havikutolewa na serikali yoyote ila wanachama wenyewe. Mtu aliyeshinda akibeba mizigo bandarini mchana aliweza kuwa jemadari jioni. Wakoloni wengine walicheka, na wengine waliingiwa na hofu wakadhani pana uasi ndani yake. Wote wawili hawakuona lililokuwa wazi: kwamba mtu aliyenyimwa heshima kazini atajitengenezea heshima mahali pengine, hata ikiwa atailipia mwenyewe.

Wanawake hawakuachwa nyuma. Walikuwa na ngoma yao ya lelemama, waliyoicheza kwa mwendo wa upole na nguo za fahari, nao pia walikuwa na vyama vyao. Katika vyama vilivyokuwa na nguvu Mombasa kabla ya uhuru, Ibinaal Watan na Banu Saada vilikuwa mashuhuri. Mwanamke alitoa ada ili aingie chamani. Alipotaka kupanda cheo, alitoa zaidi: fedha, au karamu ya kuwalisha wenziwe. Chama kimoja kilipofanya karamu, kingine kilitaka kufanya karamu kubwa kuliko hiyo. Kimoja kilipotoka na sare mpya, kingine hakikukubali kutoka na sare ya mwaka uliopita. Mashindano ya namna hii hayana mstari wa kumalizia. Katika mbio za miguu mshindi hufika akapumzika. Katika mashindano ya matumizi hakuna kufika, kwa maana kila mtumiaji humpa mpinzani wake kipimo kipya cha kukipita.

Basi wako walioumia. Mali iliyowekwa kwa taabu ilikwisha kwa siku moja, na aliyekuwa na kidogo alishawishika kutumia kama aliye na kingi. Masheikh walilikemea jambo hilo. Mmoja wao alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, akafariki mwaka 1947. Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo la Kiswahili lililoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha jingine lililoitwa Al-Islah. Katika maandishi yake aliwahimiza watu wa pwani wasome, wafanye kazi, na waache israfu. Alitaka mali ya Waislamu ijenge shule na biashara, isimalizike katika mambo ya kujionyesha. Hoja yake ni hoja ambayo hata leo twaweza kuitumia: usiulize tu kama jambo lafurahisha, uliza pia fedha hiyo ingalifanya nini kama ingalipelekwa kwingine.

Hata hivyo haki yataka tuseme upande wa pili. Vyama vya lelemama havikuwa karamu tupu. Mwanachama alipofiwa, wenziwe walifika matangani na michango yao. Alipooza au alipomwoza mtoto, mikono ya kupika na kupamba ilikuwa tayari. Wanawake waliozuiliwa kuingia katika baraza za wanaume walijifunza ndani ya vyama vyao kuitisha mkutano, kuchagua viongozi, kukusanya fedha na kuzihesabu. Katika miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa Mombasa walipounda vyama vya maendeleo na elimu, hawakuanza na mikono mitupu. Ngoma zilikuwa zimekwisha kuwafundisha namna ya kuongozana. Ikiwa leo utauliza Majengo ni nani aliyekuwa na cheo gani katika lelemama, wachache watakujibu. Cheo kilichonunuliwa kimepotea. Kilichobaki ni ushirika uliojengwa wakati cheo kilipokuwa kikitafutwa.

Katika habari hii twapata mizani tatu za kupimia nishani za mbio za mtandaoni. Ya kwanza ni ushahidi, ya pili ni fedha, na ya tatu ni kile kinachobaki. Na tuzitumie moja moja.

Juu ya ushahidi, wengine husema kwamba mashindano ya watu wasioonana hayawezi kuwa mashindano ya kweli. Hoja hiyo haisimami. Muyaka bin Haji, malenga mkubwa wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi ya kuwakabili wapinzani wa mji wake waliokuwa mbali naye, ng'ambo ya bahari. Na Lamu nayo ilikuwa na washairi wake wa vita, ambao miongoni mwao Zahidi Mngumi ni mashuhuri. Maneno yalisafiri kwa jahazi, na mshindani alijibu akiwa kwao. Mwaka 1897 wabunge wa Uingereza na wa Marekani walicheza sataranji kwa simu ya waya iliyolazwa chini ya bahari. Mashindano hayo yalikuwa ya kweli ijapokuwa washindani hawakuketi pamoja. Lakini tazama tofauti yake na mbio. Shairi ni ushahidi wa nafsi yake: likiwa zuri au likiwa baya, kila asomaye ataona. Hatua ya sataranji nayo huonekana juu ya ubao. Mbio hazibaki. Zikiisha, hakuna kinachosalia barabarani cha kuonyesha kwamba zilikimbiwa, isipokuwa neno la mkimbiaji na hesabu ya simu yake. Nayo simu huhesabu mwendo, haiulizi ni miguu ya nani. Yaweza kubebwa na rafiki mwenye mbio zaidi, na hakuna mtu katika kamati ya mbali atakayemtambua kwa sura.

Hata pale penye mashahidi watu wamejaribu hila. Katika mbio ndefu za Olimpiki za mwaka 1904, zilizofanywa St. Louis huko Marekani, mtu mmoja aitwaye Fred Lorz aliingia uwanjani wa kwanza akashangiliwa. Muda si muda ilijulikana kwamba alikuwa amepanda motokaa kwa kiasi cha maili 11 za safari ile. Ushindi ukapewa Thomas Hicks. Ikiwa hila iliwezekana mchana mbele ya watu, itashindwaje kuwezekana mahali pasipo mtu? Kwa hiyo nishani ya mbio za mtandaoni haiwezi kuwa ushahidi kwa watu wengine. Yaweza kuwa ushahidi kwa mwenyewe tu. Aivaaye ili wengine wamsifu kama bingwa anawataka waamini jambo wasilolishuhudia. Aiwekaye chumbani mwake ili imkumbushe siku alizoamka alfajiri hamdanganyi mtu.

Hapo ndipo inapotupasa kutofautisha nishani na nishani. Katika Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, iliyofanywa Athens mwaka 1896, mshindi alipewa nishani ya fedha na tawi la mzeituni, wa pili akapewa nishani ya shaba, na wa tatu hakupewa nishani. Mpango wa dhahabu, fedha na shaba ulianza mwaka 1904. Nishani hizo zilikuwa chache kwa makusudi, maana thamani yake ilikuwa katika kuwashinda wengine. Mombasa yenyewe ilizaa mtu aliyezipata nishani za jinsi hiyo. Seraphino Antao, kijana wa jamii ya Wagoa aliyezaliwa Mombasa mwaka 1937, alikwenda Perth huko Australia mwaka 1962 katika michezo ya nchi za Jumuiya ya Madola, akashinda mbio za yadi 100 na mbio za yadi 220. Alikuwa mtu wa kwanza kuiletea Kenya dhahabu katika michezo ile, na Kenya ilikuwa bado haijapata uhuru. Mwaka 1964 Wilson Kiprugut akapata shaba ya mita 800 katika mji wa Tokyo, nayo ikawa nishani ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Hakuna fedha ambayo ingaliwanunulia watu hao nishani hizo.

Lakini msomaji asidhani kwamba mkimbiaji asiye na nishani hana alichofanya. Nyandika Maiyoro alikimbia mita 5,000 katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 akawa wa saba, na katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akawa wa sita. Hakuvishwa nishani hata mara moja katika michezo hiyo, bali alikuwa miongoni mwa waliowafungulia Wakenya njia ambayo wengine wengi waliipita baadaye. Mwaka 1968 huko Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania aliumia goti katika mbio ndefu, akafungwa bendeji, akaendelea. Aliingia uwanjani wa mwisho katika watu 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Siku ile alirudi chumbani bila nishani. Jina lake limeishi mpaka leo kuliko majina ya wengi waliomtangulia. Nishani, basi, ni alama ya jambo, si jambo lenyewe. Jambo laweza kuwapo bila alama, na alama yaweza kuwapo bila jambo.

Mombasa imeyaona hayo kwa macho yake. Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanywa kisiwani, katika uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Jua lilikuwa kali na hewa nzito kwa unyevu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa bingwa wa mbio hizo mara nyingi, alishindwa na joto akatoka njiani kabla ya kumaliza. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Kwa wanawake alishinda Lornah Kiplagat, aliyezaliwa Kenya akikimbilia Uholanzi. Umati uliotazama siku ile ulijua thamani ya ushindi ule bila ya kuelezwa, kwa sababu jua lililowachoma wakimbiaji liliwachoma watazamaji pia. Huo ndio ushahidi ambao simu haiwezi kuutoa.

Twende katika mizani ya pili, nayo ni fedha. Mwezi uleule wa Machi 2007 ndipo huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya, na tangu hapo kutuma fedha kumekuwa kwepesi kama kubonyeza vitufe. Wepesi huo umeleta neema nyingi, lakini una hatari yake. Mama wa lelemama aliyetaka cheo alimwona ng'ombe akinunuliwa na mchele ukipimwa. Gharama ilikuwa mbele ya macho yake. Kijana wa leo halioni gunia la mchele. Huona tarakimu zikipungua, akasahau. Tuseme ada ya mbio ni shilingi 2,000, na kijana akajiandikisha mara tano kwa mwaka. Hizo ni shilingi 10,000, naye amepata vipande vitano vya madini. Kwa fedha hizo angaliweza kupata viatu vyema vya kukimbilia kutoka soko la mitumba la Kongowea, na nyingine akamsaidia mdogo wake kununua vitabu. Ikiwa ada hiyo imetolewa na mzazi ambaye kipato chake ni cha kibarua, hesabu hiyo ni nzito zaidi, na hapo onyo la Sheikh Al-Amin larudi na nguvu zake zote.

Yafaa pia kuuliza fedha inakwenda kwa nani. Kuna mbio ambazo ada yake hutibu wagonjwa. Kwa miaka mingi hospitali ya Mater ya Nairobi imeandaa matembezi na mbio ambazo watu hununua fulana ili washiriki, na mapato yake husaidia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo. Anunuaye fulana ile hanunui fahari. Anatoa sadaka, na fulana ni stakabadhi yake. Kuna mbio nyingine ambazo ada yake ni biashara ya mwandaaji. Biashara si dhambi, kwa kuwa nishani hugharimu kuchongwa na posta hugharimu kupeleka. Lakini biashara na iitwe biashara, na mnunuzi ajue kwamba amenunua kitu dukani.

Mizani ya tatu ni kile kinachobaki baada ya nishani kutundikwa ukutani. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipozuia watu kukusanyika, waandaaji wa mbio ndefu za London waliwaambia watu wa kawaida wakimbie kila mmoja mahali pake, siku ya tarehe 4 Oktoba, katika muda wa saa 24. Watu 37,966 walimaliza kwa namna hiyo, wakaletewa nishani. Nani atasema kwamba jambo hilo lilikuwa upuuzi? Wakati watu walipofungiwa majumbani na huzuni, wengi walitoka, wakatembea au wakakimbia, wakajua kwamba mahali pengine mtu mwingine anafanya vilevile. Hapo mbio za mtandaoni zilifanya kazi ya chama cha lelemama: ziliwaunganisha watu ambao kila mmoja angalikuwa peke yake.

Fikiri vilevile juu ya msichana wa Majengo. Mitaa yetu ina vichochoro vyembamba na baraza zilizojaa macho. Si kila msichana awezaye kusimama katika mstari wa kuanzia mbele ya umati, na si kila nyumba itamruhusu. Aweza, hata hivyo, kutoka alfajiri pamoja na dada yake au shangazi yake, wote wamejisitiri, wakakimbia kilomita tatu, wakarudi. Fikiri juu ya mzee aliyeambiwa na daktari atembee kwa ajili ya sukari, au mtu aliye na ulemavu ambaye mbio za hadhara hazikumwekea nafasi. Kwa watu hao mbio zisizo na mahali maalumu ni mlango, na nishani ndogo yaweza kuwa neno la kwanza la kuwapongeza. Anayewacheka huwacheka watu waliojaribu, naye labda hajajaribu.

Lipo jibu moja la watetezi wa ada ambalo halifai kupuuzwa. Husema kwamba ada humfunga mtu: aliyekwisha kulipa huona haya kulala. Ni kweli, na vyama vya zamani vilijua hivyo. Sare iliyokwisha kushonwa ilimfanya mwenyewe afike mazoezini. Lakini kamba ya fedha ni kamba fupi. Humfikisha mtu kwenye siku ya mbio, kisha hukatika. Mwanachama wa lelemama aliyefika kwa sababu ya sare alipata huko kitu kilichomrudisha hata sare ilipochakaa, nacho ni wenzi. Mkimbiaji wa mtandaoni aliyelipa, akakimbia peke yake, akapata nishani, akaacha kukimbia mpaka alipe tena, hakupata cha kumrudisha. Amenunua safari moja moja, kama abiria wa matatu.

Sasa tutoe hukumu. Mbio za kulipia si utapeli, na nishani yake si uongo, maadamu mwenye kuivaa hadai kwamba ni zaidi ya ilivyo. Kwa mtu mwenye uwezo, au kwa mtu aliyefungiwa njia nyingine, au kwa ajili ya mgonjwa atakayetibiwa kwa fedha hiyo, ada yaweza kuwa imetumika vyema. Kwa mwanafunzi ambaye fedha yake ni ya mzazi, mara nyingi haifai, kwa sababu kile anachokihitaji hakiuzwi. Barabara ya Makupa haina kiingilio. Alfajiri haina kiingilio. Mwanafunzi atakaye kujua kama anapenda mbio au anapenda nishani na akimbie kwanza mwezi mmoja bila ya kulipa na bila ya kumwambia mtu. Mwezi ukiisha naye bado anaamka, amekwisha kupata mbio. Akitaka kuongeza nishani juu yake, na aongeze. Mwezi ukiisha naye amekwisha kuacha, basi ada isingalimsaidia.

Na iwapo vijana watano wa mtaa mmoja wana shilingi 2,000 kila mmoja za kupeleka ng'ambo, kuna njia ambayo mama zetu wa lelemama wangaliielewa upesi. Na wakusanye fedha hizo pamoja, wachague mweka hazina, waandike daftari, wanunue saa moja ya kupimia mbio na mpira mmoja, na zilizobaki wamwekee mwenzao asiye na viatu. Na wakimbie pamoja mara tatu kwa juma kutoka Majengo hadi Ngomeni na kurudi. Hapo kila mmoja atakuwa na mashahidi wanne ambao hawawezi kudanganywa, na nishani hawatahitaji kuiagiza.